Jibu: Vyombo vya dhahabu vya Wathraki

Umeuliza kama zile sura kwenye sahani ya dhahabu ya Wathraki (watu wa kale wa eneo la Bulgaria ya leo) ni za Waafrika, na zilitengenezwaje bila mashine. Ndiyo, ni Waafrika. Sahani hiyo ni ya hazina ya Panagyurishte, Bulgaria, iliyofukuliwa mwaka 1949: vyombo 9, zaidi ya kilo 6. Ina vichwa 72 katika safu tatu, vinavyozidi kuwa vikubwa kuelekea ukingoni. Sonara hugonga bamba kwa nyuma hadi sura zitokeze, kisha hunakshi nywele na macho upande wa mbele. Kuzipanga safu zile zikue bila kupinda, hapo namvulia kofia kabisa! Ila wataalamu wengi wanaona humo mkono wa mafundi wa Kigiriki, si Wathraki wenyewe.