Ukiingiza kitenge kwenye gauni la rangi moja, angalia ncha

Washonaji wenzangu wa Mwanza, naona wateja wengi wanataka gauni la rangi moja lenye vipande vya kitenge vya pembetatu huku chini, ukitembea linafunguka, na kweli linapendeza sana. Ila mshono huu unapimwa pale juu kwenye ncha. Mteja hawezi kukwambia tatizo ni nini, anaona tu pamejikunja.

Kabla ya mkasi, maji. Kitenge cha pamba na kile kitambaa kingine havirudi sawasawa, kwa hiyo fua vyote, anika, piga pasi ndo ukate. Kama ni nyekundu au bluu iliyokolea, lowesha kona uibane na kitambaa cheupe upige pasi, ikiacha rangi usithubutu kuiweka kwenye gauni jeupe. Pindo la kanga nalo linatoka vizuri mno kwa kazi hii, ila ile sehemu yenye jina usiikate, maneno yakikatika nusu hayana maana tena.

Sasa ncha. Tia kitone cha chaki pale mshono wa gauni unapoishia, na kitone kingine kwenye ncha ya kitenge. Kwa nyuma bandika gamu nyepesi, kile kitambaa cha kugandisha kwa pasi, kadogo tu, maana hapo ndipo panapochanika mtu akipanda bodaboda au daladala. Punguza hatua ya cherehani ili vishono viwe vifupi, chomeka sindano kwenye kitone chenyewe, shuka mpaka chini, kata uzi. Halafu rudi nchani ushone upande wa pili, nao ukishuka. Watu wengi wanapanda upande mmoja, wanageuza konani na kushuka mwingine bila kukata uzi, ndo kitambaa kinavutwa na ncha inatoka imekunjamana, hata pasi haisaidii. Mishono ukiipiga pasi ilaze kuelekea kwenye gauni, sio kwenye kitenge.

Ukimaliza usipinde haraka jamani, litundike gauni usiku kucha kwenye henga, kwa sababu zile pembe zimekatwa mshazari na zitashuka, asubuhi sawazisha chini ndo upinde.

Na bei uiseme kabla hujakata. Kila kipande ni mishono miwili, vipande sita ni mishono 12, hiyo haiwezi kuwa hela ya gauni la kawaida.