Jelikoti si rangi: niliyojifunza nikipulizia boti kuukuu ya faiba

Boti ya kwanza niliyoipulizia jelikoti ilikuwa bado inanata siku tatu baada ya kazi. Ni boti ya mita tano, ilikuwa imekaa juani miaka mingi hadi ukiipitishia kiganja unatoka na unga mweupe. Nilikuwa nimezoea kupulizia rangi za magari, basi nikaishika kazi kwa mazoea yale yale: bunduki yenye tundu la milimita 1.4, kuzimua mpaka ipite, tabaka jembamba, ngoja ikauke, tabaka jingine. Ikanibidi niikwangue yote nianze upya. Nikiyatazama leo makosa yangu ya mara ile, yote yana chanzo kimoja: niliichukulia jelikoti kama rangi.

Jelikoti ni resini ya poliesta, jamii ile ile ya resini iliyoshika nyuzi za kioo ndani ya boti nyingi, ila hii imetiwa rangi na unga laini wa silika ili iwe nzito isichuruzike ubavuni. Rangi nyingi hukauka tina yake inapoyeyukia hewani. Jelikoti haikauki kwa namna hiyo. Inaganda kwa kemikali, baada ya kutiwa hadina, yaani kigandishi, ambayo kwa kawaida ni peroksaidi inayoitwa MEKP kwa kifupi. Tena haikutengenezwa ili igandie hewani. Boti ya faiba hujengwa kinyumenyume: kalibu hupakwa nta, jelikoti hupuliziwa humo kwanza, nyuzi na resini hufuata nyuma yake. Ule mng'aro wa boti mpya ni mng'aro wa kalibu. Sisi tunaokarabati tunapulizia kwa nje, kalibu hatuna, na uso unaotoka kwenye bunduki huwa na mabonde madogo kama ganda la chungwa. Mng'aro unatafutwa baadaye kwa msasa, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, hakikisha kwamba unaihitaji. Chagua sehemu ndogo ubavuni, ipige msasa wa maji namba 800, kisha 1200, halafu isugue kwa kompaundi, ile dawa nzito ya kung'arisha. Mng'aro ukirudi na rangi ikawa sawa, boti yako inahitaji kusuguliwa tu, na utakuwa umejiokolea wiki nzima za vumbi. Nyuzi zikianza kuonekana, au ukikuta nyufa zimeshuka hadi kwenye faiba, hapo jelikoti mpya ina maana. Kama boti ilishapakwa rangi juu, ujue jelikoti haikai juu ya rangi. Stairini, kimiminika kikali kilichomo ndani ya resini yake, hulainisha ile rangi na kuinyanyua, kwa hiyo ni ama uitoe yote, ama uendelee na rangi.

Nisiwafiche: mtu mmoja akitaka kubadilisha boti nzima, rangi ya poliurethani ya sehemu mbili haimchoshi kama jelikoti. Mimi bado nachagua jelikoti kwa boti za kazi, zinazosugua gati na kuburutwa mchangani, kwa sababu ya unene wake. Inawekwa kwa takriban nusu milimita, na rangi mara nyingi haifiki robo ya hapo. Mkwaruzo unaoichana rangi mpaka chini, kwenye jelikoti unausugua na kuendelea na safari. Chini ya mstari wa maji ni habari nyingine. Ukikuta malengelenge huko, boti ikaushwe vizuri chelezoni na ikingwe kwa epoksi, resini ya jamii nyingine. Jelikoti mpya peke yake haitaponya kitu.

Usafi huja kabla ya msasa. Wengi tunakosea hapa kwa haraka. Boti kuukuu imepakwa nta miaka nenda miaka rudi, pengine na dawa zenye silikoni, na ukianza na msasa unazikandamiza ndani ya mikwaruzo. Zikishaingia humo, jelikoti inazikimbia na kuacha vishimo vya mviringo. Osha kwa sabuni na maji, suuza, acha ikauke. Kisha shika vitambaa viwili: cha kwanza kina dawa ya kutoa nta, cha pili kikavu kinafuata papo hapo kabla dawa haijapotea. Geuza vitambaa mara kwa mara. Mimi hupima kwa kumwagia maji safi. Yakitandaa kama shuka, nta imeondoka; yakijikusanya matone matone, narudia.

Ndipo msasa namba 80 hadi 120, bila huruma, mpaka uso wote uwe hauna mng'aro hata kwenye kona. Nyufa zinazofanana na utando wa buibui usizifunike, zitarudi. Zichimbe ziwe mifereji yenye umbo la V mpaka ufike palipo pazima, uzijaze kwa pata ya vinilesta (resini ndugu ya poliesta) au ya jelikoti, uzisawazishe. Na ujiulize zimetoka wapi, maana nyufa zilizokusanyika kuzunguka nguzo ya chuma au pembe ya sitaha zinakuambia kwamba hapo pananepa, na pasipoimarishwa kutoka ndani kazi ya nje ni bure. Pata ya magari iache gereji, hunyonya maji.

Jambo moja lilinipa uchungu sana. Kwenye boti ya pili, karibu na tezi, palikuwa na kiraka cha zamani ambacho sikukijali. Nikapulizia juu yake. Baada ya miezi michache jelikoti ikabanduka hapo tu, kipande kizima kama gamba, na kwingine kote imeshika. Kiraka kilikuwa cha epoksi. Poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, na epoksi isiyoiva sawasawa huweza hata kuizuia jelikoti isigande. Siku hizi nikikuta kiraka nisichokijua, napaka jelikoti kidogo mahali padogo, nangoja siku kadhaa, kisha najaribu kuibandua kwa patasi kabla sijaiamini.

Sasa vifaa. Bunduki ya rangi ya gari haifai. Kwa jelikoti iliyolegezwa kidogo tafuta tundu la milimita 2.5 kwenda juu. Kwa isiyolegezwa iko bunduki ya kikombe iliyotengenezwa kwa ajili yake, tundu lake ni la milimita 4 au zaidi, inatoa matone makubwa, na uso wake utakuwa na mabonde zaidi. Kompresa iwe na pumzi ya kutosha, maana ndogo huishiwa katikati ya ubavu, na iwe na kichujio cha kukamata maji. Tone moja la maji kutoka kwenye mpira linatosha kukuharibia sehemu.

Kuhusu kulegeza, naomba unisikilize vizuri. Usitie asetoni. Usitie tina ya rangi. Mimi nilitia, ikapita kwenye bunduki kama maziwa, nikafurahi. Kile kimiminika kilinaswa ndani wakati jelikoti inaganda, kikaacha matundu madogo mno kama ya sindano, na nilipofika kwenye msasa yote yakafunguka. Kinachoruhusiwa ni stairini, na hiyo nayo kwa uchache. Mimi sivuki asilimia 5 kwa uzito, na wengine hufika 10. Ikizidi, jelikoti huwa na njano mapema na kuchakaa juani, yaani unanunua tena ugonjwa uliokuja kuutibu. Viko pia viongezi maalumu vya kuifanya itulie na kung'aa, vinavyochanganywa kwa kiwango cha mtengenezaji. Kama unavipata, ni bora kuliko stairini.

Hadina pimia kwenye mizani. Mara nyingi kiwango huwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito, fuata kopo lako. Gramu 500 kwa asilimia 2 ni gramu 10 za MEKP, basi, hakuna kukadiria kwa jicho. Niliposhindwa na ile boti iliyonata, nilidhani hadina ilikuwa chache, nikaizidisha kwenye jaribio lililofuata. Ikaganda ndani ya kikombe kabla sijamaliza, na nilichowahi kupaka kikabadilika rangi na kupasuka. Hadina haikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa hewa. Oksijeni huzuia uso wa poliesta usigande kabisa, ndiyo maana juu hubaki gundi hata kama chini pameshakuwa jiwe. Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni nta maalumu iliyoyeyushwa katika stairini, unayoichanganya kwenye tabaka la mwisho tu. Hupanda juu na kufunika. Ukiitia kwenye tabaka la chini, la juu halitashika mpaka upige msasa tena. Ya pili ni PVA, kimiminika unachopulizia juu jelikoti inapoanza kushika, kikatengeneza ngozi nyembamba inayozuia hewa. Kesho yake unaiosha kwa maji. Napenda PVA kwa sababu haiachi nta ya kunizibia msasa, lakini lazima ifunike kila mahali. Pale ilipopita haba, utapajua kwa kidole.

Tabaka zenyewe zifuatane zikiwa bado mbichi. Napita mara tatu, dakika chache kati ya moja na nyingine, mpaka kipimo cha meno kinachochomekwa kwenye jelikoti mbichi kinionyeshe milimita 0.5 hadi 0.6. Tabaka jembamba lililoachwa likashika nusu ni hatari. Linalofuata huja na stairini mpya, inapenya, na uso wote unajikunja makunyanzi kama ngozi ya mamba. Hilo halisawazishiki, unaling'oa. Ukilazimika kusimama katikati, acha iive kabisa, piga msasa, ndipo uendelee.

Hesabu yake si ngumu. Mita moja ya mraba kwa nusu milimita ni nusu lita. Mbavu mbili na tezi ya boti ya mita tano zaweza kufika mita nane za mraba, yaani lita nne, na robo nyingine ama zaidi itapotea hewani. Changanya rangi ya kazi yote katika ndoo moja kabla ya hadina, kisha chota kidogo kidogo utakachokimaliza ndani ya dakika 10. Ukichanganya rangi mara mbili utaona mshono ubavuni. Nilishauona.

Hali ya hewa nayo ina neno. Chini ya nyuzi 15 za Selsiasi siigusi, kati ya 20 na 28 nina raha. Kivuli ni lazima, na umande wa asubuhi uwe umeondoka kabisa. Kila mara bunduki inapokaa kimya zaidi ya dakika mbili tatu, ipitishie asetoni. Hapo ndipo kazi yake. Jelikoti ikigandia ndani, bunduki hiyo imekwenda.

Nimeliacha hili mpaka hapa ili lisipotee katikati ya mengine: MEKP ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Si maneno ya kutishana. Vaa miwani iliyofunga pande zote tangu unapofungua chupa, na maji safi yawe karibu. Ikikurukia, osha jicho mfululizo dakika 15 au zaidi huku mtu akitafuta njia ya hospitali. Usiikutanishe moja kwa moja na kobalti, kichapuzi kinachotumika kwenye resini, kwani hulipuka. Stairini inashika moto kirahisi na mvuke wake unalewesha, kwa hiyo vaa barakoa yenye chujio la mkaa la mvuke wa kemikali. Ile ya karatasi ni ya vumbi tu. Jelikoti iliyobaki kikombeni hupata joto kali inapoganda, iweke nje, mbali na matambara.

Baada ya siku moja unaweza kuanza msasa. Osha PVA au nta kwanza. Mimi huchorachora uso mzima kwa penseli, kisha naingia na namba 320 juu ya ubao ulionyooka. Penseli inayobaki ndiyo bonde. Ikishatoweka yote, nafuata 400, 600, 800, 1000, 1200, kwa maji, nikibadilisha mwelekeo kila namba ili nione mikwaruzo ya namba iliyopita ikiisha. Usiruke namba, mkwaruzo wa 320 ulioachwa nyuma hautaonekana mpaka siku ya kompaundi, na hapo inakubidi urudi nyuma kabisa. Kwenye kingo na pembe weka utepe wa karatasi, uzimalizie kwa mkono mwishoni, maana hapo jelikoti huisha haraka kuliko unavyodhani. Kisha kompaundi kwa mashine ya mwendo wa taratibu, halafu nta.

Jelikoti ya rangi iliyobaki, isiyotiwa hadina, naifungia kwenye kopo dogo lililojaa, mahali pa baridi na giza. Haikai milele, baada ya miezi kadhaa itaanza kuwa nzito yenyewe, lakini inatosha kwa mikwaruzo ya mwanzo. Juu ya kifuniko naandika gramu za kila rangi niliyochanganya, na maandishi hayo hayo nayarudia kwenye daftari.