Mazoezi ya mapafu kisiwani: lazima daktari awepo?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya Ukerewe. Ninao watu waliomaliza dozi ya TB wakapona, lakini wakipandisha kutoka mwaloni na ndoo ya dagaa wanatweta hadi wanakaa chini. Wameandikiwa mazoezi ya mapafu hospitali ya rufaa Mwanza, mara mbili kwa wiki. Nauli ya meli hawaimudu. Naweza kuwasimamia mwenyewe?
Muuguzi, Nansio

JIBU: Unaweza, na tunakuomba uanze. Daktari anahitajika mwanzoni: athibitishe kwamba makohozi hayana tena vimelea, apime moyo, aandike ruhusa. Vipindi vyenyewe ni kazi ya muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia. Hata Marekani, tangu 1 Januari 2024 bima ya Medicare inawakubali wauguzi wabobezi kusimamia mazoezi ya moyo na mapafu. Awali ilitaka daktari tu.

Anza na kipimo cha kutembea dakika 6. Tafuta mahali tambarare penye kivuli, pima mita 30, weka alama kila mwisho na kiti karibu. Mgonjwa apumzike dakika 10, kisha pima presha, mapigo na oksijeni, umuulize anavyohema kati ya 0 (hahemi kabisa) na 10 (anahema kupita kiasi). Mapigo yakizidi 120 akiwa amekaa, au presha ikizidi 180/100, siku hiyo asitembee. Akichoka njiani asimame apumzike, lakini saa iendelee. Usitangulie wala usiende naye sambamba, maana atafuata mwendo wako na utakuwa umejipima wewe. Msimamishe akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au oksijeni ikishuka chini ya asilimia 80.

Tuseme ametembea mita 300, yaani 50 kwa dakika. Mazoezi yaanzie asilimia 80 ya hapo: mita 40 kwa dakika, mita 400 kwa dakika 10. Ongeza muda kwanza hadi dakika 20 au 30, ndipo uongeze mwendo. Kuhema kuwe 4 hadi 6. Kukiwa 2, anatembea tu, mapafu hayafaidi. Kukifika 7, apunguze, avute hewa kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobana, kama anayepoza chai. Ongeza kusimama na kukaa kitini mara 10, raundi mbili, kwa sababu miguu iliyolegea humfanya mtu aheme hata mapafu yakiwa na nafuu. Baada ya wiki 8 rudia dakika 6: mita 30 za ziada ni nafuu ya kweli.

Kinachowaponza wengi ni kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni. Kinapitisha mwanga kwenye kidole, kwa hiyo hina nyeusi, rangi ya kucha na vidole vilivyopoa kwa upepo wa ziwa huharibu namba. Sugua kidole kipate joto, subiri namba itulie. Tena kwenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Kikisema 92 na mtu hawezi kumaliza sentensi, mwamini mtu.

Mwenye moyo uliochoka, yaani usiosukuma damu vizuri, apimwe pia uzito kabla ya kila kipindi. Mwambie ajipime kila asubuhi kama ana mizani: akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji. Asifanye mazoezi, aonwe na daktari siku hiyohiyo.