Wasomaji Wanauliza: Kesi ya mafuta ya Iran, nani hasa alimshinda nani?

Toleo lililopita niliandika kwa ufupi kwamba Uajemi, Iran ya leo, iliuza mafuta yake 1901 kwa tajiri D'Arcy, kwa asilimia 16 ya faida, kabla hata hayajaonekana, na kwamba mkataba ule uliendelea hadi 1951 na kuzaa kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) kule The Hague, Uholanzi. Maswali yamemiminika, mengine ya kunisema. Najibu haya niliyoweza.

*Shikamoo mwandishi, mimi niko Tanga. Huyo D'Arcy alikua nani mpaka mfalme ampe nchi nzima? Afu asilimia 16 mbona si mbaya kihivo?*

Marahaba mwanangu. William Knox D'Arcy alikua Mwingereza aliyetajirika na mgodi wa dhahabu wa Mount Morgan huko Queensland, Australia, na Iran yenyewe hakuwahi kukanyaga, alituma watu tu. Tarehe 28 Mei 1901 Shah Mozaffar ad-Din akampa haki ya kuchimba kwa miaka 60, karibu nchi yote isipokua majimbo matano ya kaskazini, na hayo yaliachwa kwa sababu yalipakana na Urusi na kila mtu pale Tehran alikua anamwogopa Mrusi. Inasimuliwa hata kwamba waziri mkuu aliwaandikia Warusi barua ya kuwataarifu, ila kwa mwandiko wa Kiajemi wa kukwaruza ambao pale ubalozini aliyeweza kuusoma ni mkalimani tu, na mkalimani alikua safarini. Karudi keshakuta wino umekauka.

Malipo yalikua pauni 20,000 taslimu, hisa za pauni 20,000, na asilimia 16 ya faida. Sasa apo kwenye faida ndo utamu wote ulipo. Faida ya nani, na inahesabiwa na nani? Mafuta yalitoka Masjed Soleyman 1908, mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya mafuta ya Anglo-Persian, 1914 serikali ya Uingereza ikanunua hisa asilimia 51 maana meli zake za vita zilikua zinahama kutoka makaa ya mawe, halafu kampuni ikazaa kampuni tanzu, za meli, za kuuza, za kusafisha, zote nje ya Iran. Iran ikisema nipe 16 ya zote inajibiwa hapana, hizo za nje hazikuhusu. Na serikali yenye hisa kubwa ndo hiyohiyo inayonunua mafuta kwa ajili ya jeshi lake, kwa hiyo bei ikiwa ya chini kwake hasara iko wapi? Vita ya kwanza ya dunia bomba la mafuta likakatwa 1915, kampuni ikaidai serikali ya Iran fidia na mrabaha ikauzuia. 1920 Iran ikaletewa mtaalamu wa kuidai kampuni, na mtaalamu mwenyewe, Armitage-Smith, ni ofisa wa hazina ya Uingereza! Aliwapatia pauni milioni moja ya madai ya nyuma, sawa, ila akakubali baadhi ya zile kampuni za nje zisihesabiwe. Kwa hiyo asilimia 16 sio mbaya, mbaya ni kutoshika kitabu cha hesabu.

*Assalam aleykum kutoka Maskati. Mimi nilisoma kwamba Reza Shah aliufuta mkataba huo mwaka 1932, sasa imekuaje mnasema uliendelea hadi 1951?*

Waaleykum salaam ndugu yangu. Kweli Reza Shah, mfalme wa Iran wa wakati huo, aliufuta, tarehe 27 Novemba 1932. Mwaka 1930 Iran ilipata karibu pauni milioni 1.3, uliofuata ikaletewa pauni 307,000 hivi, mdororo wa dunia eti, na jamaa hakua mtu wa kuvumilia. Tehran watu wakawasha taa za sherehe.

Uingereza ikakimbilia Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, huko Geneva. Angalia vizuri hapa maana ndo mbegu ya kesi ya baadae: mkataba wa D'Arcy wenyewe ulisema ugomvi ukitokea waende kwa wasuluhishi, na waketi Tehran. Waingereza hawakutaka Tehran, wakasema hili ni suala la dola kumlinda raia wake aliyedhulumiwa. Waziri wa sheria wa Iran, Davar, akajibu kwamba hii ni kampuni binafsi, mahakama zetu ziko wazi, ije ishtaki. Beneš wa Czechoslovakia akapewa kazi ya kuwapatanisha na Geneva ikawaambia rudini mkazungumze.

Wakazungumza. Mwenyekiti wa kampuni, Cadman, akaenda Tehran, mambo yakakwama, akaonesha dalili za kufunga mizigo, na hapo Shah akaingilia mwenyewe na tarehe 29 Aprili 1933 ukasainiwa mkataba mpya. Eneo likapunguzwa hadi maili za mraba 100,000, shilingi 4 za Kiingereza kwa kila tani, na uhakika wa pauni 750,000 kwa mwaka. Vizuri eeh? Sasa soma muda: miaka 60 mipya, yaani wa zamani ungeisha 1961 na huu mpaka 1993. Juu yake kuna kifungu kwamba serikali haiwezi kuufuta wala kuubadilisha kwa sheria yoyote itakayotunga. Mimi naona Shah alipigwa changa la macho mchana kweupe, alipiga kelele kuliko wote akasaini kibaya kuliko kile alichokifuta. Waziri wa fedha aliyetia saini, Taqizadeh, alikuja kusema bungeni 1949 kwamba yeye alikua chombo tu.

*Habari, nasoma sheria Nairobi. Mwalimu wetu alisema Iran ilishinda ICJ kwa teknikaliti. Ni kweli au ilikua na haki?*

Nzuri mwanafunzi. Mwalimu wako kasema kweli, ila mimi hiyo teknikaliti siidharau kama yeye.

Machi 1951 bunge likataifisha mafuta, mwezi uliofuata Mossadegh akawa waziri mkuu, na 26 Mei Uingereza ikafungua kesi. Julai mahakama ikatoa amri ya muda kwamba kampuni iendelee na kazi chini ya bodi ya kuisimamia, Iran ikaigomea na siku chache baadae ikafuta kabisa ridhaa yake ya kushtakiwa pale. Kesi ikaendelea kwa hoja moja tu, je mahakama inayo mamlaka? Mossadegh akaenda mwenyewe The Hague Juni 1952.

Ridhaa ya Iran iliyothibitishwa Septemba 1932 ilihusu mikataba ya kimataifa iliyofuata baada ya hapo. Uingereza ikasema mkataba wa 1933 ni wa baada ya hapo na ulipatikana kupitia Geneva, kwa hiyo una sura mbili, ya kampuni na ya dola. Ikajaribu pia kuingilia mlango wa Denmark: Iran ilisaini na Denmark mkataba 1934, na sisi tuna mikataba ya zamani ya 1857 na 1903 inayosema tutapewa chochote atakachopewa mwingine, basi tupeni na hiki. Mjanja eeh. Mahakama ikasema hiyo mikataba yenu ya kuleta hilo dai ni ya kabla ya 1932, na huu wa 1933 ni makubaliano ya serikali na kampuni, Uingereza haina saini humo. Tarehe 22 Julai 1952, kura 9 kwa 5, na rais wa mahakama, McNair, Mwingereza, akapiga kura upande wa Iran! Hiyo huwa inanifurahisha. Kumbuka ndo hoja ileile ya Davar, imechukua miaka 20 kusikika.

Ila kushinda kesi sio kuuza mafuta. Meli ya Rose Mary ilipobeba shehena ya Iran ilipelekwa Aden, koloni la Uingereza, na Januari 1953 jaji wa hapo akasema mzigo ni wa kampuni. Mahakama za Italia na Japani mwaka huohuo zikakataa kusema hivo. Agosti Mossadegh akapinduliwa kwa mkono wa majasusi wa Marekani (CIA) na Uingereza (MI6), na 1954 kampuni ikarudi ikiwa na asilimia 40 ndani ya ubia na makampuni mengine, ya Marekani humo.

*Kaka, niko Abu Dhabi kikazi, vipi huku nako walidhulumiwa?*

Huko dada yangu mtawala wa Abu Dhabi, Sheikh Shakhbut, alishinda nusu. 1939 aliipa kampuni moja kibali cha mafuta cha miaka 75, baadae kampuni hiyo ikadai na chini ya bahari yote ni yake. Msuluhishi Lord Asquith 1951 akaandika kwamba ni ndoto kudhani sehemu ya kishamba kama ile ina kanuni za kutafsiri mikataba ya kisasa, ati Sheikh anahukumu atakavyo kwa msaada wa Qurani, kama vile fiqhi haijaandika habari za mikataba kwa karne na karne. Lakini akaamua kwamba kampuni ichukue maji ya karibu na pwani tu, sakafu ya bahari ya nje haimo, kwani 1939 hakuna aliyeifikiria. Sheikh akawa huru kuiuza kwingine, na miaka miwili baadae aliyeipata ni tawi la BP.

*BP hiyo ndo ile ya vituo vya mafuta vya zamani Bongo?*

Hiyohiyo. Anglo-Persian, 1935 ikawa Anglo-Iranian, 1954 British Petroleum. Na hata Zanzibar, Pemba na Mafia ilishapewa kibali pamoja na Shell tangu 1952, wakatafuta, biashara hawakuipata wakaondoka. Aliye na kopi ya ule mkataba wa 1952 aniandikie, nataka kuona neno faida waliliandikaje.