Usikimbilie Kugeuza Nyekundu Kuwa Kijani

Wageni wengi wanaojiunga na kazi ya kujaribu mfumo endeshi huria hutaka kuandika majaribio mapya siku ile ile ya kwanza. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Ushauri wangu: wiki za mwanzo soma majaribio yaliyofeli, yale yenye alama nyekundu (kijani ni kufaulu). Hayaishi, na wa kuyasoma ni wachache.

Nitatumia openQA, programu inayojaribu mifumo endeshi yenyewe bila mtu, kama mfano kwa sababu ndiko nilikojifunzia. Miradi ya Linux ya openSUSE na Fedora inaitumia: huwasha mashine pepe (kompyuta ya kuigwa ndani ya kompyuta), husakinisha mfumo kuanzia mwanzo, hubonyeza vitufe kama mtu, kisha hutazama skrini. Matokeo yake yana uzito. Toleo jipya la Tumbleweed, mfumo wa openSUSE unaosasishwa mfululizo, haliwafikii watumiaji kabla ya kupitia humo.

Skrini hulinganishwa na picha za mfano zinazoitwa sindano. Kila sindano ni mafaili mawili yenye jina moja: picha ya PNG, na faili la maandishi la JSON linalotaja maeneo ya kuangaliwa pamoja na lebo zake. Eneo likifanana kwa asilimia 96, kama hukuweka kiwango kingine, jaribio linasonga mbele.

Sasa fonti ikibadilika kidogo tu, jaribio hufeli ilhali mfumo ni mzima. Dawa yake ni sindano mpya, na kihariri kimo humo humo kwenye kivinjari, mibofyo michache umemaliza. Urahisi huo ndio ulioniponza. Mwezi wangu wa kwanza nilikuta dirisha moja la kisakinishi limebadilika sura. Nikadhani ni mtindo mpya, nikatengeneza sindano kutoka kwenye picha ile ile iliyofeli. Kijani! Siku kadhaa baadaye mwenzangu akaniuliza mbona kitufe cha kuendelea kimefunikwa nusu na maandishi. Kumbe nilikuwa nimeifundisha mashine kuipokea hitilafu kama sura halali, na kila aliyekuja nyuma yangu aliona kijani akapita.

Kwa hiyo kabla hujagusa sindano, fungua matokeo ya mwisho yaliyofaulu, yaweke kando ya yaliyofeli, utazame ni vifurushi gani (programu zinazounda mfumo) vimebadilika katikati. Kama mabadiliko ya sura yalikusudiwa, utayaona humo, au muulize anayetunza kifurushi. Halafu eneo la sindano liwe dogo, lishike kile tu unachothibitisha. Ukizungushia skrini nzima, saa iliyo kwenye upau itakuangusha kila dakika.

Yapo pia majaribio yanayofeli leo na kufaulu kesho bila mtu kugusa kitu. Kuyaendesha upya mara moja si kosa. Kuyarudia hadi yafaulu ni kujidanganya. Mara nyingi chanzo ni muda: assert_screen, amri inayongoja skrini ifanane na sindano, husubiri sekunde 30 usipoiambia vinginevyo, na mashine iliyolemewa hupitiliza hapo. Wengine hubandika sleep, yaani kungoja tu bila kutazama chochote, ya dakika mbili wakaenda zao. Mimi siipendi kabisa. Subiri kitu kinachoonekana kwenye skrini, uongeze muda wa kukisubiri ikibidi.

Ukishahakikisha kuwa mfumo ndio wenye kasoro, iandike: toleo la mwisho lililofaulu, la kwanza lililofeli, hatua za kuirudia, na logi (kumbukumbu za mfumo). Kasoro ikiwa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, git bisect, amri inayosaka badiliko lililoleta kasoro, itakusaidia kuliko unavyodhani: mabadiliko 10,000 huchujwa kwa hatua zipatazo 14 tu, kwa kuwa kila hatua hutupa nusu. Ila usiianze kabla ya kuwa na jaribio linalofeli kila mara, maana jibu moja la uongo litakupeleka kumlaumu asiyehusika.

Kisha rudi kwenye jaribio lenyewe, uache maoni yenye namba ya hitilafu. openQA huibeba namba hiyo kwenye marudio yanayofeli vilevile, hivyo anayeshika zamu kesho hataanza tena kuchimba pale ulipokwisha kuchimba.