Kabati la maikrowevu limevimba chini, safari hii nitumie ubao gani?

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Tanga, mwaka jana nilitengenezewa kabati la jikoni la MDF, naweka maikrowevu ya lita 20, blenda, raiskuka na jagi la umeme. Sasa hivi limeshavimba chini, mlango mmoja unaning'inia na rafu iliyo juu ya raiskuka imeumuka kama mkate. Fundi mmoja ananiambia nijenge mninga mtupu, mwingine anasema marini bodi. Nishike lipi?

JIBU: Pole sana dada yangu, kwakweli inauma maana hela ya kabati sio ndogo. Ila kabla hujanunua ubao mwingine tuangalie kwanza hilo lililoharibika, maana marini bodi (plaiwudi ya gundi inayovumilia maji) nayo ukiijenga vilevile itakufia tu, itachelewa kidogo. Umesema limevimba chini, mimi hapo naona deki moja kwa moja. Kabati limekaa sakafuni, kila asubuhi watu wanapiga deki, maji yanaingia kwenye ukingo wa chini ambao fundi hakuufunga sababu hauonekani, na MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi, uso wake unaweza kuvumilia matone mawili matatu lakini ukingo uliokatwa unanyonya maji kama sponji na ukishavimba haurudi hata uuanike jua la wiki nzima. Rafu ya juu ya raiskuka ni mvuke. Mlango nao umeshuka sababu skrubu za bawaba zimebaki kwenye ubao uliolegea. Yani ugonjwa ni mmoja, maji.

Kwa hiyo ubao chukua marini bodi ya mm 18. Lakini usinunue kwa jina, omba kipande kidogo ukachemshe kwenye sufuria kama saa nzima, tabaka zikiachana hiyo ni plaiwudi ya kawaida umebandikwa jina. Mninga naupenda sana na hauchezi ovyo kama mbao nyingine, ila kabati zima inabidi uunganishe mbao kupata upana, na ukiuziwa ambao bado haujakauka utafunguka kwenye maungio, afu gharama. Weka mninga mbele tu, fremu za milango na vipande vya kufunika kingo. Hapo umepata uzuri wake bila kuumia.

Vipimo: shiti ni sm 122 kwa 244. Ukifanya kina sm 50 unapata mikanda miwili mirefu, kila mmoja unatoa ubavu wa sm 180 na rafu moja ya sm 63 (msumeno unakula milimita kadhaa, usisahau). Shiti ya pili inatoa rafu 4 zilizobaki, jumla zinakuwa 6 pamoja na ya juu kabisa na ya chini kabisa, na kinachobaki ndo milango.

Maikrowevu nyingi za lita 20 zina upana kama sm 45 na kimo kama sm 26, pima ya kwako kwa futi na usome kitabu chake, vingi vinataka sm 20 wazi juu na sm 10 nyuma. Maana yake nafasi yake isipungue kimo cha sm 46, haina mlango, na nyuma usipigilie ubao kabisa. Fundi atakwambia bila ubao wa nyuma kabati litayumba, na ni kweli, kwa hiyo atie mkanda wa sm 10 kwa nyuma juu na chini ya hiyo nafasi, na sehemu nyingine zote afunge plaiwudi ya mm 6.

Raiskuka ndo muhimu kuliko vyote hapa. Weka juu ya rafu ya kuvuta, reli zile zinazotoka mpaka mwisho, ukipika unaivuta nje yote mvuke upande hewani. Jagi la umeme hivyohivyo. Ukipika imejificha ndani hakuna ubao utakaokuvumilia, hata huo mninga.

Umeme usiupitishe kwenye ekstensheni moja, nakuomba. Plagi ya 13A kwa volti 230 inabeba wati kama 3000, jagi peke yake linaweza kula 2000 na maikrowevu 1200, hapo raiskuka bado hujawasha. Mwite fundi umeme akutolee soketi mbili ukutani kabla kabati halijasimama.

Miguu iwe ya plastiki au chuma, sm 10 kutoka sakafuni, ili deki ipite chini. Kila ukingo, hata usioonekana, upigwe msasa afu rangi ya mafuta au vanishi mikono miwili, na chini ya rafu vilevile maana mvuke unapanda. Skrubu ziwe zisizoshika kutu, hewa ya bahari hapo Tanga inakula chuma haraka, na atoboe kwa drili kwanza ndo akaze. Mwisho kabati likazwe ukutani kwa kona mbili za chuma, maikrowevu ina kilo 10 na zaidi na mtoto akining'inia kwenye rafu ya kuvuta linaweza kumwangukia.