Andika "mkahawa" kabla hujalipia fonti

Bango langu la kwanza la herufi za brashi nilimtengenezea mama mmoja muuza urojo, kule Ng'ambo, Unguja. Alitaka herufi nene, zenye vurugu kidogo, kama zilizopakwa rangi ubaoni kwa mkono. Nikapakua fonti ya bure, nikaandika "Urojo wa Ng'ambo, bajia, kachori", nikapeleka kuchapwa usiku uleule.

Asubuhi bi mkubwa alilitazama, akanyamaza, kisha: "Mwanangu, hapa kwenye Ng'ambo umenitilia kijumba cha nini?"

Fonti haikuwa na ritifaa, ile alama ya juu katika ng'. Pahala pake pametokea mraba mtupu, nami kwa haraka sikuuona. Nikaomba radhi. Akaongeza: "Na hizi a, mbona zote zimechirizika sawasawa?"

Hilo la pili ndilo lililonichoma. Anayeshika brashi haandiki a mbili zikalingana: rangi inapungua, mkono unateleza. Fonti hurudia picha ileile, na Kiswahili kina a nyingi mno. Andika mkahawa, au maharage, doa lilelile likitokea mara tatu mtu anajua ni kompyuta. Ugonjwa huu ni wa zamani. Brush Script ya Robert E. Smith, iliyotoka Marekani mwaka 1942, ilikuwa ya herufi za madini ya risasi, na kila a ilitoka kwenye kalibu moja. Siku hizi fonti nzuri ya OpenType, aina ya faili la fonti, huja na a mbili au tatu, na programu huzipokezanisha yenyewe. Kama yako haina, geuza maneno yawe maumbo ya kuchora, kisha a moja iinamishe kidogo, nyingine ikate mchirizi.

Kwa hiyo jaribio langu sasa ni maneno mawili: mkahawa na ng'ombe. Fonti ikishindwa hapo siichukui, hata iwe ya bure. Na hiyo "bure" isome vizuri, mara nyingi ni kwa matumizi binafsi tu. Bango la biashara lina leseni yake.

Fonti ya brashi itumie kwa jina la duka, tisheti, tangazo la mechi. Neno moja, mawili, basi. Bei na namba ya simu ziandike kwa herufi za kawaida, maana aliye ndani ya daladala hana muda wa kufumbua fumbo. (Majina ya kanga yanaandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima, na ukali wake haujapungua.) Kadi za harusi kwa herufi hizi mimi nazikataa, labda bwana harusi awe fundi rangi.

Stika za kukata kwa mashine pia ziepushe na fonti yenye mikwaruzo. Niliwahi kukesha na kibano nikibandua vipande vidogo kama chenga za mchele.

Bango la pili nililipia mwenyewe. La kwanza bi mkubwa bado analo. Mvua ikija analifunikia mkaa.